Makumbusho ya familia kule Marangu: ombeni mpelekwe kwenye mfongo, mfereji wa asili wa maji

Kama una watoto waliozaliwa Dar, Mwanza au Dodoma, na kila Desemba unawapandisha Kilimanjaro "kuhesabiwa" pamoja na ukoo, nakuomba safari hii uwatoe kwenye mbuzi wa kuchoma kwa nusu siku tu. Wapeleke Marangu, kwenye makumbusho yanayoendeshwa na familia moja ndani ya kihamba chao wenyewe, yaani shamba la ukoo la migomba. Si ya serikali wala si ya kanisa, na hakuna mfadhili aliyebandika jina lake getini. Ni mzee, watoto wake na wajukuu wawili watatu waliokataa kuuza vitu vya babu zao kwa wanunuzi wa vinyago. Sitaji jina lao, kwa kuwa pale ndipo wanapolala na kupika. Ukishuka Marangu Mtoni ukamuuliza bodaboda yeyote makumbusho ya mzee, atakufikisha mlangoni.

Nijitambulishe kidogo ili mjue natazama kwa jicho gani. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa upande wa Kilema, kazi ya miaka mingi, na sasa naishi Moshi mjini. Nilikwenda na watoto wa mdogo wangu, mkubwa yuko darasa la sita, wote wawili wa Dar. Kabla ya hapo walichojua kuhusu kwao ni theluji ya mlimani na ndizi.

Kufika ni rahisi. Panda gari la Marangu pale stendi ya Moshi, mtapita Himo kisha mtaanza kupanda. Ni kama kilomita 40 zote, lami mpaka Mtoni. Kuanzia hapo ni bodaboda au miguu, na nawashauri miguu, kwa sababu njia yenyewe inapita katikati ya vihamba, na watoto wanaanza kuuliza maswali kabla hamjafika.

Kiingilio tulilipa elfu tano mtu mzima na elfu mbili mtoto. Wageni kutoka nje wanatozwa zaidi, nami naona ni haki. Kijana wa familia alitupokea, akatusalimia vizuri, akatuuliza tuna muda gani. Mwambieni mna muda mrefu. Ukisema una saa moja atakupitisha kwenye nyumba, kwenye handaki na kwenye picha, na utaondoka hujaona kitu kikubwa kuliko vyote, ambacho nitakieleza.

Unaanzia kwenye msonge. Msonge nimeuona sehemu nyingine, hata kwenye hoteli, ila huu una moto ndani. Wanauwasha kila siku, na ndiyo maana nyasi hazijaliwa na wadudu na nguzo zimekuwa nyeusi, zinang'aa kwa moshi. Ukiinama kuingia, upande mmoja kuna zizi lenye ng'ombe wa kweli na ndama wake, upande wa pili kuna kitanda cha miti, na katikati mafiga matatu. Juu kuna dari la kukaushia ulezi na kuhifadhia kuni. Binti wa mzee, mama wa makamo hivi, aliwaeleza watoto kwa nini ng'ombe alilala ndani na watu: kwanza wezi na chui, pili joto, na tatu mbolea. Ng'ombe wa Mchagga alikuwa haendi machungani, majani yalikatwa yakaletwa kichwani, mengine kutoka mbali kule tambarare, na mbolea yake ikaenda kwenye migomba. Ndiyo sababu kihamba kimoja kimelimwa vizazi na vizazi hakijachoka. Yule wa darasa la sita aliuliza nani alikuwa anabeba hayo majani. Mama akamjibu, "Mimi. Na mama yangu, na mama yake mama yangu." Kisha akamtwika mzigo mdogo wa majani, akamwambia autembeze mpaka getini na kurudi. Alirudi ameshika shingo.

Handaki watoto wataling'ang'ania, na lina haki ya kung'ang'aniwa. Haya mahandaki yalichimbwa zamani za vita, wakati Wamasai walipopanda kuchukua ng'ombe na wakati wamangi, machifu wa Kichagga, walipovamiana wao kwa wao, Marangu na Kilema, Kibosho na Moshi na kadhalika. Mlango ni mwembamba, unaingia kwa kutambaa, halafu ndani panafunguka vyumba vya watu na vya mifugo. Mzee anasema udongo ulitolewa usiku ukamwagwa mtoni ili adui asione lundo akajua kuna shimo. Mlinzi alikaa pembeni ya mlango kwenye giza na silaha yake, na anayeingia anatanguliza kichwa. Familia imeweka taa na kamba ya kushika, na hawaruhusu watu wengi kwa pamoja. Nawasifu kwa hilo. Mwenye pumu au anayeogopa sehemu za kubana abaki nje, kuna benchi.

Sasa mfongo.

Naona uchungu kwamba watu wanakuja Marangu toka kila pembe ya dunia, wanasikia habari za Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, wanatajiwa pia Yohani Kinyala Lauwo, mwenzetu wa hapahapa anayesemekana aliwaongoza, halafu wanaondoka bila kuonyeshwa kazi iliyofanya watu waweze kuishi juu ya mlima huu. Waasisi wa Kilimanjaro, kwa hesabu yangu, ni wale waliotoa maji mtoni wakayapeleka mgongoni mwa kilima. Huku kwetu mito inapita chini kabisa, kwenye makorongo, na nyumba ziko juu. Maji hayapandi yenyewe. Kwa hiyo walikwenda juu sana, karibu na msitu, wakajenga banio, ukuta wa kuzuia maji mtoni, wakayatoa maji pembeni ya korongo kwa mteremko mdogo kuliko wa mto, yakatembea taratibu kwenye ubavu wa kilima mpaka yakatokea juu ya migomba. Hapakuwa na kipimo cha fundi wala saruji. Walipima mteremko kwa maji yenyewe: wanachimba kidogo, wanayaruhusu, wanaangalia yanakwendaje, wanaendelea. Palipokuwa na bonde la kukatiza waliweka magogo yaliyochimbwa katikati, maji yakapita juu.

Mfongo wa familia hii bado unatembea. Ni mwendo wa kupanda kwenye njia nyembamba, na mzee mwenyewe ndiye anayewapeleka wageni, ingawa miguu yake si ya zamani. Tulipofika kwenye banio alitueleza huku akifanya kazi, maana mvua ya jana yake ilikuwa imebomoa kipande. Alipanga mawe makubwa kwanza, akajaza mawe madogo, akakunja magome ya migomba akayasokota kwenye nafasi, halafu udongo wa mfinyanzi akaukandamiza kwa kisigino. Maji yakaanza kupanda nyuma ya ukuta ule, polepole, yakafika ukingoni, yakageuka yakaingia mfongoni. Mtoto mdogo akapiga kelele za furaha, akakimbia nayo sambamba huku anayaita. Nimeona makumbusho kadhaa yenye vioo na taa nzuri, na hakuna lililowahi kumkimbiza mtoto namna ile.

Halafu mzee akakaa kwenye jiwe akawaeleza sheria. Mfongo una ukoo uliouanzisha, na una msimamizi, huku Vunjo wanamwita meni mfongo. Yeye ndiye anayepanga zamu: nani anapata maji lini, asubuhi au jioni. Usiku maji yanakusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, ili yasipotee bure, na alfajiri yanafunguliwa. Kila mwenye zamu ana wajibu wa kutoka siku ya kusafisha. Asiyetoka analipa faini, zamani mbege (pombe ya ndizi) au mbuzi, na akikaidi anakatiwa maji. Nikamuuliza kama bado wanatoka. Akasema wazee wanatoka, vijana wengine wanatuma elfu mbili kwenye simu. Hakulalamika, alisema tu. Mifongo mingi ya Kilimanjaro imekauka kwa njia hiyohiyo: mabomba yamekuja, msitu umekatwa, vijana wako mjini, na mfongo usiosafishwa misimu michache unafukiwa na udongo mpaka hujui ulipita wapi. Ndiyo maana nasema huu utunzwe, na fedha za kiingilio zinakwenda hukohuko kwenye banio. Nililiona daftari lao la matumizi na nililisoma vizuri, nimezoea madaftari.

Kuna kibanda cha mhunzi pia. Kipo mvukuto wa ngozi ya mbuzi, na mkipiga simu mapema wanamwita fundi kutoka Mamba, ambako uhunzi ni kazi ya koo tangu enzi, aje awaoneshe kufua kisu. Sisi hatukumkuta. Kijana alieleza kwamba chuma kilitoka Ugweno, upande wa Upare, na wahunzi wa huku wakafua mikuki ambayo hata Wamasai waliinunua.

Chumba cha picha na wamangi ndicho kilichonisumbua. Kuna picha nzuri za Marangu ya zamani, kuna kona ya Mangi Mkuu Thomas Marealle aliyesimikwa mwaka 1952, na kuna ubao mrefu wa wapanda mlima. Mangi Meli wa Moshi amepewa mistari miwili. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1892 jeshi lake liliwashinda Wajerumani vitani, wakarudi mwaka 1893 na nguvu zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga kule Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Kichwa chake kinasemekana kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, ametumia maisha yake kukitafuta mpaka akatoa vinasaba vyake vipimwe. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko yameoana kwa vinasaba na familia zilizo hai hapa Tanzania, moja likaoanishwa na ukoo wa Akida, mshauri wa Meli. Habari hii ni yetu sote, na bado haijaisha. Naelewa kwamba wakati ule Mangi Marealle wa Marangu, si huyu Thomas, alikuwa mshirika wa Wajerumani, na kwamba si rahisi kwa familia ya Marangu kulisimulia hilo mbele ya wageni. Lakini watoto wetu wana uwezo wa kulisikia. Nilimwambia mzee hivyo kwa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ubao utaongezwa, na kwamba angependa mtu wa Old Moshi ndiye aje kuandika sehemu hiyo. Jibu hilo lilinipa imani naye.

Kwenye kahawa ndipo nilipokaa muda mrefu. Wana pulpa ya mkono ya kumenyea kahawa mbivu, bado inazunguka, wana vichanja vya kuanikia, magunia, na mzani wa jukwaa kama niliousimamia mimi. Ukutani kuna maelezo mafupi: mbegu zililetwa na mapadre wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19; mwaka 1925 wakulima wakaanzisha chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa walioongoza, maana walowezi hawakutaka Mwafrika alime kahawa ya arabika; na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika. Yote sawa. Ila hazina yenyewe wameiweka kwenye sanduku la bati chini ya meza: stakabadhi za baba yake mzee, za misimu mingi, zimefungwa kwa kamba ya katani. Niliomba ruhusa, nikazifungua. Tarehe, kilo, daraja, malipo ya awali, malipo ya pili, na saini ya karani. Kwenye moja, nyuma, baba yake ameandika kwa penseli hesabu ya fedha ilikokwenda: ada ya mtoto wa kwanza, ada ya wa pili, mabati, sukari, sadaka. Bati zile ziko juu ya nyumba hadi leo. Ada zile zilitoa mwalimu na muuguzi. Ukitaka kumweleza mtoto kwa nini Wachagga walisoma mapema, mpe karatasi ile aisome, usimwambie kitu kingine.

Nikamwomba mzee azitoe chini ya meza. Panya hawajui historia, na bati linashika unyevu. Zikiwekwa kwenye bahasha za karatasi na kupigwa picha moja moja kwa simu, zitadumu. Mzani nao umewekwa bila jiwe lake la kupimia, kwa hiyo mgeni anaona chuma tu, haelewi mkulima alisimama wapi na karani alitazama wapi. Jiwe lipo, tulilikuta nyuma ya mlango, nikalirudisha mahali pake na kuwapimia watoto, mmoja mmoja, wakaandikiwa na stakabadhi. Kijana alichukua maelezo yangu yote kwenye simu. Kama makarani wenzangu wa zamani wanasoma hapa, nendeni mkamsaidie. Vitu vingi pale ndani vinasubiri mtu anayejua matumizi yake aseme kabla hajaondoka duniani.

Kasoro nyingine. Mbao zote za maelezo ni za Kiingereza. Zote. Mtoto wa shule ya msingi ya Marangu anayeishi mita mia mbili kutoka pale hawezi kujisomea habari za babu yake mpaka kijana awe na nafasi ya kumtafsiria, na siku tuliyokwenda lilikuja kundi la wageni, tukaachwa wenyewe kwenye msonge muda mrefu. Najua fedha inatoka kwa wageni. Lakini kuandika Kiswahili chini ya Kiingereza ni rangi na brashi tu, na ningeomba wasisahau majina ya Kichagga ya vyombo, kwa lugha ya Vunjo, maana hata mimi vingine vilinitoka. Choo ni kisafi, maji yapo.

Chakula kinaagizwa mapema. Tulikula mtori wa mchare, aina ya ndizi, na kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyosongwa vizuri, havikujazwa mafuta kama vile vya mjini. Mbege ilikuwepo kwa watu wazima, imeletwa kwenye kata. Msesewe, gome la mti la kutia uchungu, ulikuwa kwa kiasi, uchungu umesikika bila kufunika utamu wa ndizi, na ulezi ulikuwa umeota vizuri kabla ya kusagwa, unaujua kwa harufu. Mama alituonyesha chombo cha mringaringa cha kuivundikia kilichochongwa kwenye gogo moja. Sahani moja elfu sita, na watoto waliongezewa bila kuombwa.

Ningewapa nyota nne kati ya tano, na ya tano nawawekea mpaka Kiswahili kiwepo ukutani na stakabadhi zitoke kwenye bati. Nimekwishawaambia haya wenyewe ana kwa ana, na waliyapokea vizuri.

Walimu wa Moshi na Arusha wanaopanga ziara: pigeni simu wiki moja kabla, msiende watoto zaidi ya thelathini kwa mara moja, na ombeni mzee awepo. Epukeni masika, Machi mpaka Mei, kwa sababu handaki linajaa tope wanalifunga. Desemba kunakuwa na watu, ila ndipo familia yote inakuwa nyumbani, na simulizi zinakuwa nyingi. Anzeni na mfongo asubuhi kabla jua halijakaza, mrudi kwenye msonge na handaki, mmalizie na kahawa. Na viatu viwe vya kushika ardhi, maana njia ya kwenda banio inateleza hata Januari.